MAMBO YA NYUMBANI: Mtoto Motokaani

Mwezi huu twataka kusema na wazazi wanaosafiri na watoto wao katika motokaa, hata kama safari yenyewe ni fupi, ya kutoka Usa River mpaka sokoni Arusha.

Watu wa Arusha hawahitaji kuambiwa kwamba barabara huua watoto. Tarehe 6 Mei 2017 basi la shule moja ya mjini lilitumbukia korongoni huko Rhotia, karibu na Karatu, wakafa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Siku mbili baadaye majeneza yalipangwa katika uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Ni kitu gani kingewaokoa wale, hatusemi. Lakini tulilia pamoja siku ile, nasi twaona yafaa tujifunze pamoja pia.

Desturi yetu twaijua. Mama huketi mbele karibu na dereva, kwa kuwa ndicho kiti cha heshima, naye humpakata mtoto mchanga. Mkubwa kidogo husimama katikati ya viti apate kutazama njia. Wote huona watoto wako salama, maana wako karibu na wazazi wao. Upendo upo tele hapo. Hesabu ndiyo tusiyoifanya.

Basi tuifanye. Motokaa iendayo kilomita 50 kwa saa haina mbio nyingi. Ikigonga kitu na kusimama katika nafasi ya nusu mita, mtoto wa kilo 10 huvutwa mbele kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 200, yaani magunia mawili ya mahindi, kwa kitambo kisichotosha kupepesa jicho. Ni nani katika akina mama wa Meru, ijapokuwa wamezoea mizigo ya ndizi, awezaye kuyazuia magunia hayo kwa mikono yake? Tena mama asiyejifunga mkanda hurushwa naye, akamponda mtoto wake kwa kifua chake mwenyewe. Wala kuuzungusha mkanda mmoja juu ya wawili si dawa, kwa kuwa humkaza mtoto tumboni, na uzito wote wa mama u nyuma yake.

Wenzetu wa Marekani walijikwaa papa hapa. Katika jimbo la Tennessee daktari wa watoto, Robert Sanders, alishindania sheria ya kuwaketisha watoto wadogo katika viti vyao. Ilipitishwa mwaka 1977, ikaanza kazi tarehe 1 Januari 1978, ya kwanza ya namna hiyo katika nchi ile. Walakini wabunge waliingiza ruhusa ya kumpakata mtoto mikononi. Daktari hakunyamaza, hata ruhusa ile ikafutwa mwaka 1981. Kwetu, Sheria ya Usalama Barabarani ilipotungwa mwaka 1973 haikutaja kiti cha mtoto. Basi tusingoje askari atukumbushe.

Kiti hicho hufungwa nyuma, katika kiti cha abiria. Mtoto mchanga hutazama nyuma ya gari, kwa kuwa kichwa chake ni kizito na shingo yake ni laini, na mgongo wa kiti huvipokea vyote viwili pamoja. Kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa. Kikiisha kufungwa, kishike ukitikise. Kikicheza zaidi ya inchi moja, fungua uanze tena. Shirika la Afya Duniani husema kwamba viti hivi hupunguza vifo vya watoto wachanga katika ajali kwa karibu asilimia 70.

Najua yuko msomaji aliyekwisha kusema moyoni kwamba Mungu ndiye mlinzi. Ndiye, nasi twakiri. Hata hivyo katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 22, Mungu huyo huyo alimwagiza mwenye kujenga nyumba azungushe ukuta juu ya dari, mtu asije akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba ile.

Jambo gumu ni fedha, na wengi wetu hatuna motokaa. Asafiriye kwa Noah au Hiace na aketi viti vya nyuma, ajifunge mkanda peke yake kwanza ukiwapo, ndipo ampakate mtoto. Na gari lililojaa kupita kiasi aliache liende. Kwa wenye motokaa, twashauri kila usharika uwe na viti viwili vitatu vya kuazimana, maana mtoto hukua upesi na kiti hubaki. Ila kiti kilichokwisha kupata ajali kisiazimwe tena, hata kikionekana kizima.

Mafundisho nayo yasitawanyike. Muuguzi wa kliniki aseme na mama kabla hajajifungua, mwalimu aseme na wazazi siku ya mkutano wa shule, askari wa barabarani aitwe aseme na madereva wa magari ya shule, wote katika mwezi mmoja na kwa maneno yale yale. Kwa walimu twaongeza hili: leteni magunia mawili ya mahindi mbele ya darasa, mkawaombe akina baba wayapakate.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaandika habari za mtoto anayepandishwa mbele ya dereva wa bodaboda.