Bafle za nyuma zifuate za mbele

Nyumbani kwetu Katuba kuna bafle mbili za Philips ambazo marehemu mume wa nkambo alizinunua miaka ya 1970, alipokuwa akifanya kazi Gécamines. Mbao zimechubuka na kitambaa cha mbele kimefifia, lakini zinasema. Mwaka jana niliamua kuziongezea mbili za nyuma, ili sauti ituzunguke chumbani. Yaya wangu akatoa shauri ambalo wengi mjini wangelitoa: ng'oa spika za zamani, tia spika mpya za gari katika masanduku yote manne, basi zitafanana. Nilikataa, na bado nakataa. (Nasema "bafle" kwa sanduku zima na "spika" kwa kile kinachotikisika ndani. Wenzetu wa pwani mara nyingi huita vyote viwili spika. Hapa, kwa mara moja, sisi ndio wenye msamiati.)

Ninachodai ni hiki: bafle mpya ndiyo inayopaswa kujifunza sauti ya ile iliyotangulia, na kipimo cha kufanana ni sauti ya mtu anayezungumza. Muziki haufai kwa kazi hiyo. Gitaa likibadilika kidogo, nani atajua lilikuwaje? Mtu akisema "watu", au "batu" kama tunavyosema hapa, sikio linatambua mara moja kama kuna kitu kimeharibika.

Sababu yake tunaisoma darasani. Irabu zetu tunazitofautisha hasa kwa mitetemo iliyo chini ya hezi 3000 hivi. Katika bafle nyingi zenye spika mbili, spika kubwa humwachia twita kazi kati ya hezi 2000 na 3000, yaani palepale ambapo tunatenganisha *i* na *e*. Makabidhiano hayo yakifanywa kwa namna moja mbele na kwa namna nyingine nyuma, msemaji yuleyule anaonekana ametoka nje na kurudi na pua nyingine. Nilipojaribu spika za gari kwa nyuma, mdogo wangu, ambaye hajasoma fonetiki hata siku moja, alisema: "Yaya, huyu wa nyuma anasemea mu mapua." Sikuwa na la kumjibu.

Konsonanti ni shida zaidi. Nguvu ya *s* iko zaidi juu ya hezi 4000. Twita ikichoka, *s* inaanza kusikika kama *f*, jambo linalojulikana tangu zamani kwenye simu. Nilipokuwa nikinakili mahojiano ya mama mmoja kwa ajili ya zoezi la muhula, niliandika "alifikia" mahali aliposema "alisikia". Niligundua niliporudia kwa vifaa vya masikioni. Sentensi ilikuwa na maana kwa njia zote mbili, na hilo ndilo lililonitisha. Katika kitivo hiki tunajadili kwa ukali alama gani ya kunakili itumike, lakini sijawahi kusikia mtu akiuliza: ulisikiliza kwa chombo gani?

Kabla ya kuzifuata bafle za mbele, nilipaswa kwanza kuzitibu. Ndani yake kuna kapasita inayoichujia twita sauti za juu, na kapasita za aina ile hukauka kwa miaka. Nilizibadilisha zote mbili, sauti ikafunguka. Nkambo akasikiliza kidogo, akasema hizi si bafle za nyumbani kwake. Nikamweleza kwamba ndivyo zilivyokuwa siku zilipotoka dukani. Akanijibu kwamba siku ile mimi sikuwepo. Ni kweli. Mzee mmoja ana matamshi ya ujana wake na matamshi ya leo. Yupi kati yao ni yeye? Niliamua kubaki na kapasita mpya, kwa sababu *s* imerudi, lakini sidai kwamba nkambo alikosea.

Masanduku ya nyuma niliyajenga kwa tripleksi, madogo na yaliyozibwa kabisa, maana nyuma hapahitaji besi nzito. Nilichotafuta ni spika za karatasi na twita za karatasi kama za mbele, kisha rezista ya kuipunguza twita. Kwanza niliziunganisha moja moja kama bafle za kawaida, nikihamisha sauti ileile ya mtu mbele na nyuma, hadi mdogo wangu akashindwa kunionyesha kwa kidole.

Kisha nikatumia njia iliyoenezwa na Mmarekani David Hafler: bafle za nyuma zinaungwa kati ya ncha mbili chanya za ampli, zipate tu kile ambacho kushoto na kulia hazifanani. (Si kila ampli inaruhusu, ncha zake hasi lazima ziwe za pamoja, la sivyo utaiunguza.) Rekodi ya njia moja hainyimwi wala kuongezewa kitu. "Masanga" ya Mwenda wa Bayeke, aliyoirekodi Hugh Tracey mwaka 1952, inabaki mbele yote, nyuma kimya. Mashine za leo zingeibunia mwangwi. Mimi naona huko ni kuandika maneno ambayo msemaji hakuyasema.

Tuna kaseti moja ya karamu ya nyumbani, iliyorekodiwa kwa redio-kaseti yenye maikrofoni mbili. Mwenye nyumba alikuwa akisimama katikati, kwa hiyo sauti yake inatoka mbele. Wageni waliokaa pembeni wanasikika nyuma. Nilipoiweka, nkambo aligeuka kutazama ni nani aliyecheka. Wawili aliwataja kwa majina, wa tatu bado anamtafuta. Yaya naye anasema masanduku yangu ni mabaya. Ni mabaya kweli, sijayapaka rangi.