Lexus ao Range Rover: mwenye kubadili gari aangalie kwanza barabara yake

Katika miji ya mashariki mwa Congo, mutu akibadili gari habari inafika kwa majirani kabla yeye mwenyewe hajafika. Jana alikuwa na Lexus LX 570, leo anashuka ndani ya Range Rover, na mutaa muzima unaongea. Wanaongea bei, rangi, na upana wa mapine. Hakuna anayeuliza swali la maana: asubuhi ya kesho, wakati wa kupeleka watoto kwa masomo, kiisha kupanda Beni, kiisha kurudi na magunia, ni kitu gani kimebadilika kwa yule mwenye kushika volani?

Swali hili halihusu matajiri peke yao. Huku kwetu gari kubwa ya mutu mumoja ni gari ya watu wengi. Mama akishikwa na uchungu saa nane ya usiku, mulango unaogongwa ni wa mwenye gari. Kukiwa matanga kijijini, viti vya nyuma vinahesabiwa na familia yote. Ndiyo maana gari ambayo inakaa garaji wiki tatu ikingojea kipande kimoja kutoka Dubai ni hasara inayopita mufuko wa mwenyewe.

Hesabu ya viti ndiyo ya kwanza. LX 570 ina safu tatu, watu nane. Safu ya mwisho inakunjwa na kuinuliwa kandokando ya kofre, nusu huku na nusu kule. Inakula nafasi ya mizigo, na wengi wanaichukia juu ya hiyo, lakini siku ya harusi inashushwa na watu wanakaa. Range Rover ile kubwa ya kizazi kilichotoka mwaka 2012 na kufika 2021 ni ya watu watano. Viti saba vilikuja paka na kizazi kilichofuata, tena kwa ile yenye bodi ndefu. Baba mwenye watoto watano akibadili bila kuhesabu, anagundua Siku ya Mungu asubuhi, mbele ya nyumba, wote wakiwa wamevaa. Hapo inabidi kutuma mutu kuita motari.

Kwa upande wa kuingia na kutoka, haki itolewe kwa Range Rover. Gari hii inasimama juu ya mifuko ya hewa. Mutu akitaka kushuka, inapiga magoti: inateremka karibu milimeta 50 chini ya kimo chake cha kawaida, na mama mwenye kikwembe anashuka bila kushikwa mukono. LX 570 nayo inajua kushuka na kupanda, lakini kwa mafuta yanayosukumwa ndani ya mashoki, na bado inabaki ndefu, ndiyo sababu ina ngazi ya kukanyaga kandokando. Bibi wa miaka 70 hatauliza nani ni fundi mwema kati ya Wajapani na Waingereza. Atasema gari gani ilimuumiza goti.

Ndani pia, kimya cha Range Rover ni kitu kingine. Viti vyake vinashika mugongo vizuri, kioo cha mbele kiko wazi, dereva anakaa juu na kuona kapo yote hadi kwenye pembe zake mbili. Kwa barabara nyembamba yenye chukudu upande huu na mutaro upande ule, kuona pembe za gari ni faida kubwa sana. Hata kwa maji inashinda: watengenezaji wake wanairuhusu kuingia ndani ya maji ya milimeta 900, wakati ndugu ya LX, yaani Land Cruiser 200 inayochangia nayo mifupa, inaruhusiwa milimeta 700. Anayesema Range Rover ni gari ya lami tu hajaijua.

Lakini siku hazifanani na saa ya kwanza ya kujaribu gari.

Tuanze na mikono. Wengi wanaofika kwa gari za bei kubwa wanatokea kwa Harrier ao Prado iliyouzwa kwanza Japani, volani kulia. Katika gari hizo, taa ya kukata kona inawashwa na mukono wa kuume, na vifuta kioo ni kwa mukono wa kushoto. Katika gari za Ulaya ni kinyume, hata kama volani iko kulia. Basi mwezi wote wa kwanza mutu anataka kukata kona, na vifuta kioo vinaanza kucheza katikati ya jua kali. Watoto wa njiani wanacheka. Kwa Mercedes kubwa, GL na GLE, inakuwa hatari zaidi, maana fimbo ya kuume nyuma ya volani ndiyo vitese yenyewe. Aliyezoea kuipiga kwa kukata kona anaachia vitese bila kutaka, gari inabaki inateleza bila nguvu, na nyuma yake kuna kamio. Mwili unajifunza, ni kweli. Ila unajifunza polepole, na kilima cha Butembo hakingoji.

Kuna pia upande wa volani. Congo inatembelea kuume. Lexus iliyotoka Dubai ina volani kushoto, sawa vile inavyofaa hapa. Hata Wajapani wenyewe, LX ilianza kuuzwa kwao tu mwaka 2015. Range Rover iliyotoka Uingereza ina volani kulia. Kwa hiyo mutu anafikiri amebadili jina la gari, kumbe amebadili na upande wa kukaa. Kupita kamio la mizigo kati ya Kasindi na Beni ukiwa umekaa kulia ni kuomba macho ya abiria: "Kuko gari? Hakuna? Nipite?" Dereva aliye peke yake hana wa kumuuliza. Tofauti ya dola 3,000 kwa bei ya kununua haiwezi kulipa hiyo, na bado ndiyo tofauti inayoamua watu wengi.

Vitese vya Range Rover hii ni kifundo cha duara kinachoinuka wakati moto unawashwa, na freni ya mukono ni kidude cha umeme. Ni vizuri, nafasi inabaki. LX 570 ina fimbo ya zamani na freni ya kuvuta kwa mukono, kama ya baba zetu. Shofere wa kukodi, yule anayeitwa siku mwenyewe ni mugonjwa, anaingia ndani ya LX na kuondoka. Kwa ile nyingine anaanza kwa kutafuta fimbo iko wapi. Na batri ikikufa, kifundo cha umeme na freni ya umeme vinabishana na wanaotaka kuvuta gari, wakati fimbo ya kawaida inaachwa iende.

Bodi ndiyo inastahili kuongelewa kwa urefu, juu mafundi wenyewe wanailalamikia. Range Rover ya 2012 ilikuwa gari ya kwanza ya namna yake kujengwa bodi yote kwa aliminiumu, na kampuni ilijisifu kwamba ilipunguza hadi kilo 420 kwa uzito wa ile iliyotangulia. Nyepesi, haioze kutu, inakimbia vizuri. Sasa igongwe na kamio kwenye kizuizi. Fundi wa hapa amezoea chuma: anawasha moto, ananyoosha kwa nyundo, anaunganisha, anapaka mastiki. Aliminiumu haitaki hiyo. Kiwandani vipande vyake vinashikanishwa kwa gundi na misumari ya kubana. Ukiichoma kama chuma inayeyuka ao inapoteza nguvu yake, hata kama rangi inang'aa juu. Mafundi wanaomwaga sufuria kwa aliminiumu tunao wengi na ni hodari. Wenye kuunganisha bodi ya gari ya aliminiumu sawasawa ni habari nyingine. LX inakaa juu ya shasi ya chuma, ngazi mbili ndefu chini ya bodi, na fundi wa mutaa anaijua kama anavyojua Land Cruiser, kwa sababu chini yake ni Land Cruiser.

Hapo ndipo piesi zinaingia. Filtre, freni, rula, sehemu nyingi za LX 570 zinapatana na za Land Cruiser 200, gari ya mashirika na ya wakubwa wa serkali. Maana yake kuna duka lenye piesi Butembo, Bunia, Bukavu ao Lubumbashi, ama sivyo Kampala. Mifuko ya hewa ya Range Rover ni mipira, na mupira unazeeka. Vumbi na mashimo vinauharakisha. Ukianza kuvuja, pampu ya hewa inafanya kazi bila kupumzika mpaka nayo inakufa, na gari inalala chini mbele ya mulango wa mwenyewe. LX si malaika: mashoki yake ya mafuta yakichoka, bei yake inatoa machozi, na wengi wanayaondoa kuweka ya kawaida. Ila siku ile ya kuharibika, gari inaendelea kutembea mpaka nyumbani.

Mafuta ya kutembea nayo hayapendelei Lexus. Injini yake ya litre 5.7, mapipa manane, ni munywaji. Vipimo vya Marekani vinaiandikia karibu litre 18 kwa kilometa 100 za mujini, na hapo hawakuhesabu matope. Ile ya soko la Ghuba ina tanki mbili, jumla litre 138. Kuijaza ni mushahara wa mutu. Range Rover ya mazutu inakunywa kidogo sana kuliko hiyo, na hapo wauzaji wanashika watu. Wanasahau kusema mazutu gani. Ulaya inauza mazutu yenye kiberiti isiyopita sehemu 10 kwa milioni. Nchi jirani za Afrika Mashariki zilikubaliana juu ya 50 tangu 2015, na mazutu ya mashariki mwa Congo inapitia kwao, halafu inauzwa pia kwa bidoni kando ya barabara, ambako hakuna anayepima chochote. Chujio ya moshi ya gari mupya inaziba kwa namna hiyo. Zile za miaka ya karibu zinaomba tena AdBlue, dawa inayowekwa ndani ya tanki yake ya pembeni. Ikiisha, gari inahesabu kilometa zilizobaki, kiisha inakataa kuwaka. Mutu anajikuta na tanki imejaa mazutu, injini nzima, na gari ambayo haiendi kwa kukosa litre chache za dawa ambayo muji wake hauuzi.

Mapine nayo. Range Rover nyingi zinakuja na felgi ya inchi 21 ao 22, mupira mwembamba unaozunguka chuma kikubwa. Ni nzuri kwa picha. Shimo moja lenye jiwe, felgi inapinda. Na BMW X5 nyingi zimetoka kiwandani bila pine ya akiba kabisa, kwa matumaini ya mapine yanayotembea bila upepo. Yanatembea makumi ya kilometa juu ya lami, polepole. Beni na Butembo zinaachana kilometa 54, na hakuna anayependa kusimama katikati, kwa sababu zinazojulikana na kila mutu. Lexus inabeba pine nzima chini ya kofre.

Kwa hiyo, anayeishi Lubumbashi, lami mbele ya nyumba, watoto wawili, na fundi mwenye mashini ya kusoma makosa ya umeme, Range Rover itampa raha ambayo Lexus haina, na wanaomcheka wana wivu tu. Anayepanda na kushuka kati ya Butembo, Beni na Kasindi, akibeba familia, wagonjwa wa jirani na mizigo, anafanya kosa akiiacha LX kwa sababu rafiki yake ameiacha. Lami inayowekwa na Uganda kwenye barabara hiyo tangu mwisho wa 2021 itabadili sehemu ya hesabu hii. Haitabadili bodi ya aliminiumu wala mazutu ya bidoni.

Mwenye kushikilia kubadili, aombe muuzaji amwachie gari usiku mumoja. Aipaki mahali pa sawasawa, apime kwa kidole nafasi kati ya pine na bodi pande zote nne, arudi asubuhi kabla ya kuwasha moto. Kama upande mumoja umelala, mufuko wa hewa unavuja. Kiisha aulize ufunguo wa pili uko wapi. Akijibiwa kwamba ulibaki Dubai, bei ishuke.