REDIO YA KIKUNDI NA SIMU YA MFUKONI



Naomba nafasi hapa ubaoni nitoe dukuduku langu juu ya habari tunazozipokea.

Wazee wenzangu mnakumbuka mwaka 1973, Bariadi ikiwa bado Mkoa wa Shinyanga (Simiyu imekuja 2012). Redio Tanzania Dar es Salaam ilirusha vipindi vya kampeni ya "Mtu ni Afya". Kwa wiki 12 watu waliketi vikundi vikundi, redio moja katikati, kitabu mkononi, kiongozi akisimamia. Nchi nzima walishiriki watu kama milioni 2. Kipindi kikiisha redio inazimwa, ndipo maneno yanaanza: maji yetu haya ni safi? Vyoo viko wapi? Watu wakibishana hasa, kisha jembe linashikwa, mashimo ya vyoo yanachimbwa. Redio yenyewe haikuchimba hata shimo moja.

Vijana watasema wakati ule redio ilikuwa moja tu, ya serikali, ikikosea nchi nzima imekosea. Kweli, sibishi.

Lakini leo kila mtu ana simu yake na anaisikiliza peke yake kitandani. Msimu uliopita niliingia sauti simuni, mtu simjui, ati bei ya pamba itashuka keshokutwa na vituo vitafungwa. Sikumwuliza mtu. Niliona aibu, jirani angejua nadaiwa ada ya mtoto. Usiku ule ule nikampa mchuuzi kilo 340 kwa bei aliyoitaja mwenyewe. Mizani yake tusiiseme. Keshokutwa ikafika, kituo kiko wazi, bei ni ile ile iliyotangazwa.

Nani alituma sauti ile? Sijui, wala simtaji mtu. Ila baadaye nikaambiwa nyumba 3 upande wetu ziliipata, na kila moja ilificha. Tungeketi hata watu wanne, mmoja angesema, "Hebu twende kwanza kwa katibu."

Sasa naomba Kamati: jioni za msimu, redio ya chama itolewe nje, iwekwe pale kwenye benchi la ghala. Mwenye ujumbe wa bei simuni aje nao, usikike mbele ya watu, na katibu awepo na karatasi ya bei. Betri za mwezi wa kwanza nitanunua mimi.

Ni mimi mwanachama mwenzenu, upande wa bondeni.