Kuzaliwa Pumwani Hakukupi Kipande

Hii stori inasumbua wasee wengi Isli, Kayole na Umoja. Msee amezaliwa Pumwani, amesoma hapa mtaani, Sheng anaimwaga kukuliko, lakini akifika 18 kipande hakitoki. Unashangaa, si huyu ni wetu?

Cheki, Katiba ya 2010 haijali ulizaliwa hosi gani. Kifungu cha 14 kinauliza tu kama mathe ama buda wako alikuwa Mkenya siku ulizaliwa. Mmoja anatosha, hata kama ulizaliwa Dubai. Kama wote ni wageni, cheti cha kuzaliwa kinaonyesha mahali tu, si uraia.

Lakini hali yako inaweza kubadilika. Ukioa ama kuolewa na Mkenya, ngoja miaka 7 ndio uombe uraia. Yule anakuuzia ndoa ya makaratasi upate kipande mwezi ujao anakuuzia hewa. Aliyeishi Kenya miaka 7 mfululizo pia anaweza kuomba, ila awe ameishi kihalali. Miaka ya kuhepa karao haihesabiwi.

Wakimbizi ndio wana hesabu ngumu. Sheria ya 2021 inamruhusu mkimbizi kutoka nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki aache ukimbizi kwa hiari, aishi hapa kama raia wa Jumuiya. Sudan Kusini iliingia 2016, Kongo 2022, Somalia 2024, kwa hivyo hiyo mlango inagusa majirani zako kibao. Inakaa poa, kazi na biashara bila jina la ukimbizi. Mimi ningemwambia beshte yangu apunguze mbio. Ukimbizi ndio unamkinga asirudishwe kwa risasi alizotoroka. Akiuacha, atategemea pasipoti ya serikali ile ile iliyomkimbiza. Aongee na wakili kwanza, kuna wale wa bure.

Na makaratasi nayo si ngao kamili. Aprili 2014, operesheni ya Usalama Watch ilipopiga Isli, maelfu walifungiwa uwanja wa Kasarani, na wengine wao walikuwa Wakenya halisi na wakimbizi waliosajiliwa.

Kuna pia njia ya kupiga kelele pamoja. Wamakonde wa Kwale walikaa miaka na miaka bila vipande. 2016 wakafunga safari kwa miguu hadi Nairobi kumwona rais, na 2017 vipande vikaanza kutoka.