Ada imelipwa, je, mtoto amesajiliwa?

Oktoba na Novemba ni miezi ya pilikapilika kwa wazazi wenye watoto vyuoni. Ada inatafutwa, godoro linanunuliwa, nauli inatumwa. Mzazi akipata ujumbe kwamba malipo yamepokelewa, hushusha pumzi akiamini kazi imekwisha.

Bado. Kulipa ada ni jambo moja, kusajiliwa chuoni ni la pili, na kusajili masomo ya muhula ni la tatu. Mwanafunzi anaweza kuwa amelipa, ana kitambulisho na anaingia darasani kila siku, lakini jina lake halimo kwenye orodha ya somo moja. Akifanya majaribio, mwalimu hana pa kuingiza alama zake. Kosa la namna hii mara nyingi hugunduliwa mitihani ikiwa imekaribia.

Hapo ndipo familia inapoumia. Somo la lazima lisipofanyiwa mtihani hubaki deni, na masomo mengi hufundishwa mara moja tu kwa mwaka. Kwa aliye mwaka wa mwisho, somo moja linaweza kumaanisha mwaka mwingine wa kodi ya chumba na chakula.

Vyuo hutenga muda, kwa kawaida wiki chache za mwanzo wa muhula, wa kuongeza au kuondoa masomo. Ndani ya muda huo, marekebisho mengi humalizika kwenye simu au kwa kufika ofisini mara moja. Ukipita, huanza barua, mihuri na foleni. Kwa hiyo wiki ya kwanza au ya pili, mzazi na mtoto wakague mambo yafuatayo.

La kwanza ni jina na namba. Jina lifanane herufi kwa herufi na lililo kwenye cheti cha kidato cha nne. Bodi ya Mikopo (HESLB) hutumia namba ya mtihani wa kidato cha nne kumtambua mwombaji, hivyo tarakimu moja ikikosewa, mwanafunzi anaweza kusubiri fedha wakati wenzake wameshasaini.

La pili ni programu na mwaka wa masomo. Aliyehama programu ahakikishe mfumo wa chuo haumsomi bado kule alikotoka. Mwenye somo alilofeli mwaka uliopita aone kama limeingizwa upya, kwa kuwa si kila chuo hulirudisha chenyewe.

La tatu ni idadi ya krediti. Kwa mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), shahada ya miaka mitatu ina krediti zisizopungua 360, yaani 120 kwa mwaka, ambazo ni kama 60 kwa muhula. Jumla ikisoma 45, huenda kuna somo limesahaulika. Masomo yaliyosajiliwa yalinganishwe na orodha ya masomo ya lazima ya idara, moja baada ya jingine.

La nne ni ratiba ya vipindi. Masomo mawili yakigongana saa moja, kukimbia huku na kule si suluhisho. Mwanafunzi aulize idara kama kuna kundi jingine la semina, au abadili somo la hiari. Atazame pia kama siku yake ina nafasi ya kula. Vipindi vinavyofuatana kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tisa alasiri humchosha kila mtu, ila kwa mwenye kisukari anayetumia insulini, kukosa mlo kwa saa nyingi ni hatari. Mwenye selimundu naye anahitaji nafasi ya kunywa maji na kupumzika. Mwenye hali kama hiyo amweleze mapema mshauri wa wanafunzi, asisubiri kuzidiwa.

La tano ni malipo na bima. Salio kwenye akaunti ya mwanafunzi lilingane na risiti. Kama bima yake ya afya inapitia chuoni, ahakikishe jina lake limepelekwa. Asingoje kujua kwamba halimo siku amefika zahanati na homa.

Kila kitu kikikaa sawa, apakue fomu ya usajili au apige picha ya ukurasa huo, tarehe ionekane, na nakala moja aitume nyumbani. Ikitokea ubishi baadaye, huo ndio ushahidi.

Mzazi hana haja ya kudai nywila ya mtoto. Huyu ni mtu mzima na usajili ni wake. Tatizo ni namna ya kuuliza. Mzazi akisema, "Umeshasajili?" jibu ni "Ndiyo," na mazungumzo yanaishia hapo. Akisema, "Hebu nioneshe masomo yako ya muhula huu, unielezee," mtoto atafungua simu, na wote wawili wataona kilichopo na kilichokosekana.

Lipo na suala la hofu. Wapo wanafunzi wanaogundua kosa mapema wakanyamaza, wakiogopa kugombezwa kwa sababu ada ilipatikana kwa shida. Wanakosa usingizi wakati muda wa kurekebisha unayoyoma. Mtoto akileta habari ya kosa wiki ya pili, mzazi ameze ukali wake kwanza, amuulize ofisi ya usajili inafunguliwa saa ngapi.