Askari wa Barabarani si Hakimu

Dereva akipigwa tochi na kusimamishwa, mara nyingi huamini kuwa amekwisha hukumiwa pale pale kando ya njia. Sivyo. Hapa Tanzania, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamruhusu askari kumwandikia taarifa ya kosa dereva anayekiri, naye akalipa faini, ambayo kwa miaka mingi imezoeleka kuwa Sh. 30,000. Asiyekiri shauri lake ni la mahakama. Huko askari ni shahidi tu, naye huulizwa: kifaa kilisoma mwendo gani, na kibao cha mwendo kilikuwapo? Ibara ya 13 ya Katiba ya mwaka 1977 inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika. Ibara ya 107A imeipa Mahakama kauli ya mwisho.

Lakini dereva wa daladala, anayedaiwa hesabu na tajiri wake kila jioni, atapoteza siku nzima, pengine mbili, kuitafuta haki hiyo. Ndiyo maana wengi hulipia kosa wasilolitenda. Tunawaomba wenye mamlaka: asiyekiri apewe tarehe ya mahakama kwa maandishi, aendelee na safari, leseni yake ikiwa mfukoni.