Marigoldi si chandarua

Ikiwa umewahi kununua miche ya maua kando ya barabara mjini Nairobi, Mombasa au Kisumu, huenda uliambiwa kwamba marigoldi hufukuza mbu. Weka vyungu viwili dirishani, muuzaji atakwambia, nawe utalala salama.

Maneno haya ni ya hatari. Ni kweli kuwa mafuta yanayokamuliwa kutoka kwa mimea ya jamii hii huwasumbua wadudu, lakini ua lililo chunguni halitoi mafuta ya kutosha kuwazuia mbu wasiingie chumbani. Mbu aenezaye malaria huuma usiku watu wakiwa wamelala, wala hasimami mlangoni kunusa maua. Mzazi wa Kisumu au Kilifi anayefungia chandarua kabatini kwa sababu ana maua anahatarisha maisha ya wanawe. Isitoshe, maji yakituama katika kisahani kilicho chini ya chungu, mbu aenezaye homa ya dengue, iliyozuka Mombasa mwaka wa 2013, hupata mahali pa kutaga mayai. Yamwage na usugue kisahani hicho kila wiki.

Kuna pia wanaodhani kwamba marigoldi ni pareto. La, pareto ni mmea mwingine, na dawa yake hupatikana baada ya maua kukaushwa na kusindikwa.

Hata hivyo, usiing'oe marigoldi yako. Kazi yake iko udongoni. Mizizi yake hutoa kemikali inayoua minyoo midogo mno, isiyoonekana kwa macho, ambayo hushambulia nyanya, biringanya na karoti. Nyanya ikidumaa, ing'oe utazame mizizi. Ukiona vinundu, huyo ndiye adui wako.

Lakini maua matatu ukingoni mwa bustani ni urembo tu. Jaza tuta zima marigoldi zilizokaribiana kwa miezi miwili au mitatu, ukipalilia magugu, ndipo upande nyanya. Nunua mbegu za aina fupi; yule jamaa yake wa porini, ambaye Wakikuyu humwita mubangi, hugeuka kuwa gugu sugu.

Najua kukosa mboga kwa msimu mmoja ni gharama. Kwangu mimi, ni afadhali hivyo kuliko kumwaga dawa kali katika udongo anaochezea mtoto. Ikiwa una matuta mawili, anza na lile ambalo nyanya zake zilidumaa.